Simu za mezani zenye spika: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza simu za mezani hapa Dodoma, na kinacholeta maswali kuliko kingine chochote ni ile spika: unabonyeza kitufe, mkono wa simu unabaki mahali pake, na maongezi yanasikika chumba kizima. Wengine wamerithi simu ya ofisi ya mzee wao, wengine wameikuta kabatini wakati ofisi inahamia Mtumba, mji wa serikali. Naandika majibu hapa kwa sababu simu hizi zinasingiziwa ubovu ambao hazina. Mengi yanayoitwa hitilafu ndiyo kazi yake yenyewe, na ukiielewa utaitunza vizuri zaidi.

Ile spika ilikuwa na kazi gani hasa?

Mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, kuikuza sauti inayotoka kwenye laini mpaka isikike na watu waliokaa kuizunguka meza. Pili, kuichukua sauti yako ukiwa umeegemea kiti na kuipa nguvu ya kutosha kusafiri kwenye laini. Kila kazi peke yake ni rahisi, fundi yeyote wa redio angeifanya. Kuziweka zote mbili kwenye boksi moja ndiko kulikowasumbua wahandisi kwa miaka mingi.

Ugumu uko wapi? Si amplifaya mbili tu?

Tupige hesabu. Ukiwa umeshika mkono wa simu, maiki iko sentimita 3 hivi kutoka mdomoni. Ukiuacha na kuongea na simu iliyo mezani, umbali unakuwa sentimita 60 au zaidi. Hiyo ni mara 20, na sauti inayoifikia maiki imepungua kwa desibeli 26 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Amplifaya ya maiki inabidi ifidie pengo hilo. Upande wa kusikiliza ni vilevile: spika iliyokuwa imegusa sikio sasa iko mbali nalo, nayo inataka nguvu ya ziada. Ukijumlisha pande zote mbili unakuta umeongeza desibeli kama 50 juu ya simu ya kawaida.

Sasa ifuate sauti. Mtu aliyeko Singida anaongea, sauti yake inatoka kwenye spika yako, inavuka sentimita 15 za hewa na kuingia kwenye maiki iliyo kwenye boksi hilohilo. Maiki haijui kama hiyo si sauti yako. Inaikuza na kuipeleka kwenye laini. Hapo mlangoni pa laini kuna hibridi, yaani transfoma au sakiti inayotenganisha sauti inayotoka na inayoingia, maana laini ina nyaya mbili tu na sauti zote zinapita humo. Hibridi inatenganisha kwa kulinganisha laini yako na laini ya kuigiza iliyotengenezwa kwa rezista na kapasita ndani ya simu. Ulinganifu huo haukamiliki kamwe. Nyumba iliyo jirani na kituo cha simu na nyumba iliyo kilomita 5 kutoka hapo zina laini zenye tabia tofauti kabisa, na simu ni ileile.

Kwa hiyo sehemu ya sauti inavuja, inarudi kwenye amplifaya ya spika, inatoka tena chumbani, inaingia tena kwenye maiki. Ikiwa kila mzunguko unairudisha na nguvu ileile au zaidi, unapata ule mluzi unaotoboa masikio kwenye maiki za harusini. Kitaalamu unaitwa athari ya Larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Ukiongeza desibeli 50 bila kuchukua tahadhari, mluzi huo huwezi kuukwepa.

Basi waliuzuiaje?

Kwa kupeana zamu. Ukiondoa dhana ya kwamba pande zote mbili zilikuwa wazi muda wote, mengine yote yanaeleweka.

Kwenye njia ya maiki paliwekwa kipunguza sauti, na kwenye njia ya spika kingine. Viwili hivyo vimefungwa pamoja kama mizani ya sokoni Majengo: upande mmoja ukipanda, mwingine lazima ushuke. Ukiongea wewe, njia ya maiki inafunguka na ya spika inabanwa. Akiongea mwenzako, inageuka. Mkiwa kimya wote, vinakaa katikati. Jumla ya nguvu ya mzunguko mzima haibadiliki katika hali zote tatu, nayo imepangwa ibaki chini ya kiwango cha kupiga mluzi. Desibeli zilizoongezwa kule mwanzo zinatolewa hapa, ila zinatolewa upande usioongea tu.

Kwenye bodi za zamani kipunguza kilikuwa diodi au transista: ukibadilisha mkondo unaopita ndani yake, ukinzani wake nao unabadilika, na sauti inapita kwa wingi au kwa uchache. Miaka ya 1980 Motorola waliiweka kazi yote ndani ya IC moja, yaani sakiti nzima kwenye kipande kimoja, yenye miguu 28, MC34018, na baadaye MC34118. Ukifungua simu ya wakati huo ukakuta IC ndefu yenye miguu 14 kila upande, karibu na kapasita nyingi ndogo, soma namba yake. Yawezekana ni yenyewe.

Nani alikuwa anaamua ni zamu ya nani?

Sakiti yenyewe, kwa kupima. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Sampuli ya sauti inachukuliwa kutoka kwenye maiki na nyingine kutoka kwenye laini. Kila moja inapita kwenye diodi inayoigeuza iwe volti ya upande mmoja, kisha inajaza kapasita. Sauti ikiwa kubwa kapasita inajaa, ikinyamaza inavuja taratibu kupitia rezista. Kwa hiyo volti ya kapasita ni picha ya ukubwa wa sauti. Kilinganishi kinatazama kapasita zote mbili, na mwenye volti kubwa anapewa njia.

Kasi ya kapasita hizo ndiyo tabia ya simu. Kujaa kunatakiwa kuchukue milisekunde chache tu, la sivyo maneno yatakatika mwanzoni. Kuvuja kunatakiwa kuchelewe, sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, la sivyo njia itajifunga katikati ya neno kila unapovuta pumzi. Mhandisi anachagua kapasita ya maikrofaradi ngapi na rezista ya kilo omu ngapi, na hapo anakuwa amechagua adabu ya maongezi yenu.

Kuna mtego mmoja. Sauti ya spika nayo inaingia kwenye maiki, na kilinganishi kinaweza kudhani ni wewe unayeongea. Hivyo mizani haikuwekwa sawasawa: spika inapokuwa inaongea, maiki inatakiwa ipate sauti kubwa zaidi ya ile inayotarajiwa kutoka kwenye spika ndipo ipewe zamu. Ndiyo maana kumkatisha mtu kwenye simu hizi kulihitaji kupaza sauti.

Kwa nini mwanzo wa neno ulikuwa unamezwa?

Kwa sababu ya zile milisekunde za kujaa. Chukua mfano wa kila siku. Kijana anabonyeza spika na kusema "Shikamoo mzee." Ile "sh" ya mwanzo ni upepo mwembamba, na nguvu yake nyingi iko kwenye masafa ya juu, wakati simu inapitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Kilinganishi hakioni cha kupima mpaka irabu ifike. Njia inafunguka, lakini upande wa pili kinachosikika ni "...kamoo mzee." Mzee anaitikia "Marahaba" akiamini kijana anaongea kwa uvivu, kumbe simu ndiyo imekula herufi.

Lipo na lingine linalotuhusu sisi. Mswahili akimsikiliza mkubwa wake hakai kimya, anaitikia: eeh, naam, ahaa. Kwenye mkono wa simu hilo halina shida. Kwenye spika, kila "naam" yenye nguvu inaweza kunyakua zamu na kukata neno la anayeongea. Makatibu muhtasi wa zamani walilijua hili vizuri. Waliacha aliyepiga amalize, wakahesabu pumzi moja, ndipo wakajibu.

Pangaboi likiwashwa simu inakuwa bubu. Imeharibika?

Kama simu ni ya aina rahisi, haijaharibika. Mvumo wa pangaboi ni sauti kama sauti nyingine, na kilinganishi kisicho na akili zaidi kinaona "huku kuna mtu anaongea" na kukupa zamu moja kwa moja. Mwenzako anabanwa asisikike. Mvua ya Januari kwenye mabati inafanya hivyohivyo, tena vibaya zaidi.

Simu nzuri zaidi, zikiwemo zile zenye IC niliyoitaja, zina kipimo cha tatu: kelele ya chumba. Kipimo hicho kina kapasita kubwa inayojaa polepole mno, sekunde kadhaa. Sauti isiyobadilika, kama mvumo wa feni, inahesabiwa kuwa kelele na haipewi zamu. Maongezi yanapanda na kushuka kila silabi, kwa hiyo yanatambulika. Ukiwasha feni katikati ya simu, subiri kidogo kabla ya kuilaumu.

Kwa nini watu wa upande wa pili walijua mara moja kwamba umewaweka kwenye spika?

Ni chumba. Maiki iliyo sentimita 3 inasikia mdomo wako. Maiki iliyo sentimita 60 inasikia mdomo wako pamoja na sakafu ya saruji, ukuta uliopakwa chokaa, kioo cha dirisha na dari. Sauti zote hizo zinafika zimechelewa kidogo, na sikio linazitambua kuwa mwangwi.

Wateja wananiletea simu, naipima, ni nzima, wanarudi nayo ofisini na lawama zilezile. Chumba ni nusu ya mashine. Ofisi tupu ya vigae haina spika itakayosikika vizuri. Weka pazia zito, zulia, kabati la mafaili, sogeza simu mbali na kona ya ukuta, kisha uweke kitambaa kinene chini yake. Tofauti inasikika siku hiyohiyo.

Umeme ukikatika spika inakufa, lakini mkono wa simu unafanya kazi. Kwa nini?

Kwa sababu simu ya kawaida inaishi kwa umeme wa laini, unaotoka kwenye betri za kituo cha simu. Laini ikiwa haitumiki inasoma volti 48 hivi. Ukinyanyua mkono wa simu inashuka hadi volti 6 au 10 mezani kwako, na mkondo unakuwa miliampia 20 hadi 50, kutegemea umbali.

Umbali ni jambo zito katika mji uliotawanyika kama Dodoma. Waya wa shaba wa milimita 0.4 una ukinzani wa omu 280 hivi kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Kilomita 5 ni omu 1,400. Ongeza omu 400 za kituoni na 200 za simu, unapata 2,000. Gawanya volti 48 kwa hizo, unabaki na miliampia 24. Ikiwa simu inapata volti 6, nguvu yote iliyopo haifiki miliwati 150. Humo utoe chakula cha maiki, cha kibonyezo cha namba na cha kilinganishi. Spika yenye sauti ya heshima inataka miliwati 100 peke yake. Ndiyo maana simu nyingi zilikuja na adapta ya volti 9 au 12, au nafasi ya betri nne chini ya tumbo. Zile zilizotegemea laini pekee zilisikika vizuri karibu na kituo, na zilinong'ona kadiri ulivyotoka nje ya mji.

Simu yangu imeandikwa MONITOR, ya jirani imeandikwa SP-PHONE. Ni kitu kimoja?

Hapana. Kwenye Panasonic za KX-T utakutana na maneno yote mawili. MONITOR inakusikilizisha tu: unapiga namba na kusikia inavyoita bila kunyanyua mkono, lakini ukitaka kuongea lazima unyanyue. SP-PHONE ina maiki yake na sakiti ya zamu. Watu wengi huleta simu ya MONITOR niwatengenezee maiki ambayo haikuwepo tangu kiwandani.

Zilianza lini?

Bell System, kampuni ya simu ya Marekani, iliwapa wateja wake Speakerphone miaka ya 1950, baada ya transista kuvumbuliwa Bell Labs, maabara yake, mwaka 1947. Maiki na spika vilikuwa maboksi mawili tofauti mezani, na sasa unajua sababu: umbali kati yao ulipunguza mvujo. Nadharia ya kupeana zamu kwa kufuata sauti ilichambuliwa kwa kina na wahandisi wa Bell mwaka 1960. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler, hukohuko Bell Labs, walitengeneza maiki ya elektreti, yaani yenye utando unaotunza chaji ya umeme daima, ndogo, nyepesi na ya bei nafuu. Hiyo ndiyo iliyoruhusu kila kitu kuingia kwenye boksi moja la plastiki. Kwetu, simu kama hizo zilikuwa alama ya meza ya mkubwa, tangu enzi za Shirika la Posta na Simu kabla halijagawanywa na TTCL kuanza kazi mwaka 1994.

Zamani haikupiga mluzi, sasa inapiga. Nianzie wapi?

Anza na mpira wa maiki. Maiki ya elektreti ni kijisilinda kisichofika sentimita moja, na imevalishwa kofia ya mpira laini ili mtikisiko wa boksi usiifikie. Joto la miaka mingi linaukausha mpira huo. Unakuta umekuwa mgumu, umepasuka, au fundi aliyetangulia aliutupa na kubandika maiki kwa gundi moja kwa moja kwenye plastiki. Hapo sauti haipiti tena hewani tu, inasafiri ndani ya plastiki yenyewe kutoka kwenye spika hadi kwenye maiki, na kipunguza hakiwezi kuimudu. Kata kipande cha sponji laini au mpira wa bomba la baiskeli, izungushie maiki, hakikisha haigusi plastiki popote. Angalia pia skrubu za spika na kingo za boksi: boksi lililofungwa nusu linavuja sauti kwa ndani.

Likishindikana hilo, nenda kwenye kapasita za elektroliti. Zikikauka, vipimo vya kilinganishi vinapotea na zamu zinachanganyikana. Badilisha zote za eneo hilo kwa thamani ileile. Ni ndogo na bei yake haitishi.

Mimi namsikia, yeye hanisikii.

Vumbi. Tundu la maiki halizidi upana wa njiti ya kiberiti, na upepo wa Dodoma wa miezi ya kiangazi unalijaza udongo mwekundu hadi likafanana na plastiki. Fungua boksi, itoe maiki, ndipo usafishe tundu kwa brashi kavu. Usichomeke sindano kutoka nje: nyuma ya tundu kuna utando mwembamba sana, ukitoboka maiki imekwisha. Tundu likiwa safi, pima volti kwenye miguu ya maiki simu ikiwa kwenye spika. Elektreti inahitaji volti moja au zaidi ili ifanye kazi. Ikiwa volti zipo na sauti haipo, badilisha maiki na uangalie usigeuze miguu: ule ulioungana na ganda ni hasi.

Chomoa laini kabla hujashika bodi. Simu ikiita wakati mkono wako uko ndani, volti za mlio ni 75 na zaidi, na zinauma.

Spika mbili, moja kila upande, mbona ilikuwa vurugu?

Kwa sababu kulikuwa na waamuzi wawili wasiojuana. Kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze, au wote wanafunga kwa pamoja. Kwenye simu za mbali zilizopita kwenye setilaiti kulikuwa na kizuia mwangwi cha mtandao nacho, pamoja na kuchelewa kwa robo ya sekunde kila upande. Dawa ilikuwa mmoja kunyanyua mkono wa simu.

Simu za siku hizi unaweka laudspika na mnaongea wote kwa pamoja. Nini kilibadilika?

Hesabu za kidijitali. Badala ya kubana njia, prosesa inajifunza sauti ya spika inavyobadilika ikizunguka chumbani hadi kufika kwenye maiki, inatengeneza nakala ya mwangwi huo, na kuutoa kwenye sauti ya maiki. Kinachobaki ni wewe. Kanuni ya kujifunza iliyozaa njia hii ni ya Bernard Widrow na Marcian Hoff, mwaka 1960, lakini prosesa za bei ya kufaa kuwekwa mezani zilichelewa. SoundStation ya Polycom, ile ya miguu mitatu kwenye meza za mikutano, ilitoka mwaka 1992.

Naweza kuitumia yangu leo?

Kama una laini ya shaba inayofanya kazi, ichomeke tu. Kama una faiba, tazama nyuma ya boksi lake: mengi yana tundu la simu, na mtoa huduma wako ndiye wa kukuwashia. Kama ofisi inatumia intaneti, adapta ya simu za intaneti yenye tundu la analogi itaipa volti na mlio wake. Simu ya kuzungusha namba huenda isipige kupitia adapta hizo, kwa sababu nyingi hazielewi mapigo, zinaelewa toni tu. Nyingi za vibonyezo zina swichi ubavuni ya kuchagua kati ya hivyo viwili. Iweke kwenye toni. Simu zilizotolewa kwenye mfumo wa PABX, yaani mtambo wa simu wa ndani ya ofisi, zenye safu ya vitufe vya laini nyingi, hazitafanya kazi bila mtambo wake, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Na adapta ya umeme ikipotea, soma chini ya simu volti zake na upande wa chanya kabla ya kuchomeka nyingine, kwani baadhi zina chanya nje na hasi katikati, kinyume na adapta nyingi za leo.